Daraja, haraka na daftari



Mama mmoja wa Kikula aliuliza mkutanoni: mvua ikibomoa daraja, leta inaweza kumpa mtu kazi ya kulitengeneza bila kuita wengine washindane? Tulicheka kwanza, maana kila mmoja alikuwa na jina mdomoni. Kisha tukauliza sheria inasema nini.

Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Sheria ya mikataba ya serikali ya tarehe 27 Aprili 2010 inataka kazi itangazwe, watu walete bei zao, anayestahili apewe. Kumchukua mtu mmoja bila mashindano, ile wanayoita gre-a-gre, ni kwa nafasi chache tu, tena kwa ruhusa. Mojawapo ni dharura kubwa iliyoletwa na jambo lisiloweza kutazamiwa, wakati siku za kungoja zabuni hazipo.

Kuna wakati hazipo kweli. Tarehe 22 Mei 2021 jioni Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye sehemu ya Goma iliamriwa kuhama. Wamama walibeba watoto hadi Sake, wengine wakavuka Rwanda. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, maji na matope yalizoa Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Mama aliyepoteza nyumba usiku huo hawezi kuambiwa angoje bahasha za bei zifunguliwe. Hema, maji na dawa vinunuliwe leo.

Hata sisi kwenye kilio tunafanya hivyo. Tunamtuma mama mmoja mbio kutafuta unga na makala, na hakuna anayezunguka soko kulinganisha bei. Lakini kilio kikiisha, daftari linasomwa mbele ya wote. Mara moja aliyetumwa hakuwa na risiti. Mnakumbuka kelele zile.

Kenya waliona haraka bila daftari inazaa nini. Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alichunguza vifaa vya Covid vilivyonunuliwa na KEMSA, shirika la dawa la serikali, kwa shilingi bilioni 7.8. Bei zilikuwa za juu mno, na mali nyingi ilikuwa imelala ghalani.

Kwetu Likasi linalotusumbua ni neno lile, «lisiloweza kutazamiwa». Volkano, sawa. Lakini mvua? Inakuja kila mwaka kabla ya Noeli, tangu wakati wa bibi zetu. Mfereji uliojaa taka mwezi wa Agosti ukabomoka Januari, nani atasema hakutazamia? Agosti kulikuwa na nafasi ya kutangaza kazi. Na hata maji yakishaingia vyumbani, haraka ni ya mifuko ya mchanga na njia ya muda ili watoto wafike masomoni. Daraja la saruji litakalojengwa kiangazi linaweza kungoja zabuni.

Kwa hiyo tumeandika barua kwa komini, yenye maulizo matatu: nani alipewa kazi ya daraja, kwa franka ngapi, na ruhusa ya kuacha mashindano iko wapi. Itakuwa mezani Jumamosi baada ya likelemba. Anayetaka kutia sahihi aje na kalamu yake, mara ya mwisho tulikuwa na moja kwa wamama thelathini.