Bei ya New York na Shamba la Kalimoni

Kalimoni, kata ya eneo bunge la Juja, bado ina mibuni, lakini vigingi vya ploti vinaisogelea kila mwaka. Kuhusu mustakabali wa mashamba haya kuna madai yanayorudiwa sana, barazani hata ofisini, na mengi hayasimami.

Linalopendwa zaidi ni kwamba kahawa iliuawa na madalali wa ploti. Linapendwa kwa kuwa lina mhalifu wa karibu, ila tarehe zinalikataa. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000 za kahawa. Haijafika hapo tena; miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka tani 50,000, mara nyingi pungufu. Julai 1989 mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Vietnam nayo ikaingia sokoni kwa kishindo. Hapa nyumbani, madeni ya vyama vya ushirika na malipo ya kuchelewa yakammaliza mkulima mdogo, huku wenye mashamba makubwa ya Ruiru na Juja wakipiga hesabu zao kimyakimya. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa Novemba 2012, na kufikia hapo mibuni mingi ilikuwa imeachwa bila mbolea wala dawa kwa miaka. Dalali aliukuta mlango wazi.

Dai jingine limeshika kasi hivi karibuni: bei imepanda, turudi kwenye kahawa. Ni kweli kwamba Februari 2025 kahawa ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Lakini nyuma yake kulikuwa na ukame wa Brazil, na bei iliyoletwa na ukame wa wengine huondoka mvua yao inaponyesha. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ikapaa hadi 1977, kisha ikashuka. Mche unaopandwa leo utahitaji kama miaka mitatu kabla ya mavuno ya maana, yaani utazaa katika soko ambalo hakuna anayelijua. Sababu nzuri ya kupanda ipo, nayo iko karibu zaidi. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, na mwaka 2010 ikafuata Batian. Zote hustahimili kutu ya majani na ugonjwa unaoozesha matunda, hivyo gharama ya dawa hupungua. Piga hesabu kwa bei ya chini. Ikikubali, panda.

Hatari zaidi ni wale wasemao: uza shamba, chakula tutanunua nje, dunia inacho tele. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Makadirio ya mashirika ya kimataifa ya OECD na FAO yanaonyesha kuwa katika muongo ujao sehemu kubwa ya ongezeko la mazao itatokana na mavuno bora kwa ekari, na si kulima ardhi mpya. Ila sisi tunakula mahindi meupe, na mahindi yanayouzwa kimataifa kwa wingi ni ya manjano, mengi yakiwa ya kulisha mifugo. Unga ukiadimika tunageukia Uganda, Tanzania na Zambia. Machi 2021 Kenya yenyewe ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Zambia ilipigwa na ukame 2024. India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati Julai 2023. Vita vya Ukraine navyo vilipandisha bei ya ngano mwaka 2022, na ngano nyingi tunayotumia hutoka nje.

Wanaosema njaa haiepukiki kwa sababu ya wingi wa watu sitawajibu kwa kirefu. Mwanauchumi Mwingereza Malthus alionya hivyo 1798, dunia ikiwa na watu takriban bilioni moja. Leo tumepita bilioni 8, na Umoja wa Mataifa unakadiria kilele cha bilioni 10.3 katika miaka ya 2080. Wengi wanaolala njaa leo wamekosa fedha au usalama, hata pale sokoni pana chakula.

Anayekuhimiza kupanda au kuuza kwa kukutajia bei ya New York, mwulize swali moja: jirani yako mwenye mibuni alilipwa shilingi ngapi kwa kilo ya matunda, na alilipwa lini?