MAMBO YA KUFIKIRIWA: Askari, Muasi na Sheria ya Vita

Kuna swali lizukalo kila mara watu wanapozungumza juu ya vita vya ndani ya nchi. Askari wa serikali amevaa sare, tena ana mkubwa wa kumwamuru. Muasi hutoka msituni usiku akachoma nyumba, na asubuhi huonekana shambani ameshika jembe. Basi wengine huuliza: mtu asiyefuata sheria yo yote, ana haki gani ya kulindwa na sheria?

Hoja hiyo ina nguvu, wala haifai kupuuzwa. Usiku wa tarehe 26 Machi, 1953, watu zaidi ya 70 waliuawa huko Lari, wengi wao wanawake na watoto, na wengine waliteketea ndani ya nyumba zao. Uchungu wa waliowazika ulikuwa wa haki. Lakini katika uchungu huo kisasi kililipizwa, na watu wengine wakauawa ambao hakuna mahakama iliyowaona na hatia. Hasira, hasara.

Sasa na itazamwe sheria yenyewe. Tarehe 12 Agosti, 1949, mataifa yalipatana mjini Geneva juu ya mikataba minne. Karibu yote yahusu vita vya dola na dola. Lakini kifungu cha 3, kilichoandikwa katika kila mmoja wa mikataba hiyo, chahusu vita vya ndani ya nchi. Chaagiza kwamba mtu asiyepigana, au aliyeweka silaha chini, au aliye mgonjwa, majeruhi au mfungwa, atendewe kwa utu. Kumwua mtu wa namna hiyo, kumtesa, kumshika awe rehani, kumvunjia heshima, au kumhukumu pasipo mahakama halali, ni marufuku kwa pande zote mbili.

Wengi hudhani kuwa sheria hiyo yampa muasi cheo cha askari. Sivyo. Kifungu hicho hicho chaeleza kwamba kukifuata hakubadili hata kidogo hali ya wapiganao mbele ya sheria. Askari hakukatazwa kupigana na mwenye silaha, na muasi akamatwaye aweza kushtakiwa kwa uuaji wake. Mkulima amkamataye mwizi wa ng'ombe na kumpeleka kwa chifu hakumfanya mwizi huyo kuwa rafiki. Amekataa tu kuwa mkosaji wa pili.

Yaliyotokea Kenya wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, yatosha kuwa funzo. Uingereza ilikuwa imetia sahihi mikataba ya Geneva, lakini haikuithibitisha mpaka mwaka wa 1957. Hata hivyo sheria yake yenyewe ilikuwapo. Jenerali Erskine alishika uongozi wa majeshi mwezi wa Juni 1953, na mwezi huo huo akawaonya maofisa wake wasiwatese wenyeji. Kapteni Griffiths wa K.A.R. alishtakiwa kwa uuaji mwaka huo akaachiliwa. Lakini aliposhtakiwa tena mwaka wa 1954 kwa ukatili juu ya watu waliokamatwa, alifungwa miaka mitano. Basi si kweli kwamba sheria haiwezi kufika msituni. Hufika pale wakubwa wanapotaka ifike.

Mahali pengi haikufika. Tarehe 3 Machi, 1959, watu 11 waliokuwa kizuizini huko Hola walipigwa na walinzi mpaka wakafa, kwa sababu walikataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba walikuwa wamekunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha kuwa walikufa kwa kupigwa, na jambo hilo likajadiliwa kwa ukali katika Bunge la London. Watu hao hawakuwa na silaha, wala hawakuwa msituni. Walikuwa mikononi mwa serikali yenyewe.

Deni la namna hiyo halizikwi pamoja na waliokufa. Mwezi wa Oktoba 2012 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba wazee walioteswa katika kambi waweza kuendelea na kesi yao, ijapokuwa miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita. Tarehe 6 Juni, 2013, serikali ya Uingereza ilikiri Bungeni kwamba Wakenya waliteswa, ikaeleza majuto yake, na kukubali kulipa paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228. Wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kufa.

Kenya huru ilijiunga na mikataba hiyo mwaka wa 1966, na Katiba ya mwaka wa 2010 yaagiza kwamba usalama wa taifa ulindwe kwa kufuata sheria. Basi wajibu ule ule umo mikononi mwa askari wa Kenya wenyewe, hata anapopigana na adui asiyejali sheria yo yote. Serikali hudai kutiiwa kwa kuwa yenyewe ndiyo mlinzi wa sheria. Ikiiacha sheria hiyo ili imshinde muasi, mwanakijiji aliye katikati atawatofautishaje hao wawili wanapobisha mlangoni pake usiku?