Sifuri ya mbele ibaki kwenye faili

Safu ya Alhamisi
Na Yohana Chilewa

Maonyesho ya Nane Nane yanayofanyika viwanja vya Nzuguni, hapa Dodoma, yamepata jina kutokana na tarehe yake, na hakuna mkulima wa Kongwa wala Chamwino anayeyaita Sifuri Nane Sifuri Nane. Ila kompyuta ikiachiwa iandike tarehe hiyo yenyewe, mara nyingi itatoa "08 Agosti", na tangazo litabandikwa hivyo hivyo. Naona sifuri hiyo ina kazi kwenye hifadhi ya kompyuta, lakini haina kazi kwenye maandishi ya kusomwa na watu, na wa kuiondoa ni fundi anayetengeneza kiolezo cha barua, si karani anayekitumia.

Kazi yake tusiidharau. Namba ya NIDA huanza na tarakimu 8 za tarehe ya kuzaliwa: aliyezaliwa 3 Julai 1990 huanza na 19900703, na sifuri zikidondoka namba haijakamilika. Majina ya faili nayo mara nyingi hupangwa kwa kulinganisha herufi moja moja, kwa hiyo muhtasari wa "10" utatangulia wa "2". Ndiyo maana kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, inataka mwezi na siku viwe na tarakimu mbili mbili. Wapo watakaosema basi tuiweke kila mahali, maana inamzuia mghushi kugeuza 3 kuwa 13. Kwa fomu inayojazwa kwa kalamu nakubaliana nao. Barua iliyochapwa, mghushi ataichapa upya yote. Wengine hudai inaondoa utata. Utata gani? 03/04/2025 kwetu ni Aprili, kwa Mmarekani ni Machi, na sifuri zote mbili zipo palepale. Dawa ni kuandika mwezi kwa jina.

Pingamizi zito ni la mafundi, kwamba kuiondoa kunasumbua, na hapo wana haki kiasi. Katika programu ya kuandikia ya Vim, agizo strftime("%d") hutoa 08. Kwenye Linux, "%-d" hutoa 8. Kwenye Windows alama inayofanya kazi hiyo ni "%#d", kwa sababu Vim huikabidhi kazi hiyo maktaba ya mfumo iliyomo. Nayo "%e" huacha nafasi tupu mahali pa sifuri. Kiolezo kilichojaribiwa kwenye mashine moja kinaweza kuharibika ofisi ya jirani. Njia inayofanya kazi kote ni kupokea tarakimu mbili, kisha kukata: substitute(strftime("%d"), "^0", "", ""). Alama ya ^ isisahaulike, kwani ndiyo inayosema sifuri ya mwanzo tu. Bila hiyo, barua ya tarehe 20 itatoka ikiwa ya tarehe 2, kosa baya kuliko lile lililokuwa linarekebishwa.