Roboti ya foreksi: mbele ya kutuma dola, omba kode

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi,

Tulimaliza masomo, kazi hakuna, na sasa kila grupu ya WhatsApp iko na "kochi" mwenye kuuzisha roboti ya foreksi. Eti wewe unalala, roboti inafanya kazi, asubuhi dola zimezaa. Tuma 100 ku M-Pesa. Tunasema hapana. Tredingi si dhambi. Lakini tunauziwa sanduku lenye kufungwa, na mutu mwenye diploma ya informatiki analinunua bila kulifungua!

Hiyo roboti njo nini? Mara nyingi ni faili moja tu ya MetaTrader, programu ya kampuni MetaQuotes. MetaTrader 4 ilitoka 2005, MetaTrader 5 ikatoka 2010. Zote mbili munazipata bure kwa broka, pamoja na konti ya mazoezi yenye pesa za mchezo. Ndani yake kuko mahali pa kuandikia roboti yenu wenyewe, na mahali pa kuijaribishia juu ya bei za miaka iliyopita.

Kati ya hizo mbili, mukamate ya 5. Ile ya 4 inajitungia yenyewe mwendo wa bei ndani ya dakika. Ya 5 inaweza kutumia bei halisi zilizorekodiwa. Roboti yenye kuwinda faida ndogo ndogo inaweza kuonekana tajiri ku 4, halafu inakufa ku bei za kweli. Mwenye kujua Python atumie Python: ni bure pia, na kila mstari anauona.

Sasa ile grafu yenye kupanda kama ngazi. Mutu akijaribisha mipangilio elfu moja juu ya mwaka uleule, hakosi moja yenye grafu nzuri. Ni mwanafunzi aliyeona maswali ya egzame mbele. Muulize kochi: ku miezi ambayo roboti haikuiona, ilifanya nini? MetaTrader 5 iko na jaribio hilo ndani yake, kwa jina la "Forward". Na gharama za broka, alizihesabu?

Mbaya zaidi ni zile zenye kuongeza dau mara mbili kila zikipoteza. 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Mara saba mfululizo, dola 127 zimekwenda, ya nane inaomba 128, na yote hayo kwa kutafuta faida ya dola moja. Kapture ni za kijani kila wiki, halafu usiku mmoja konti inakauka. Tena hapa kwetu, ni nani mwenye umeme wa kuachia ordinatere saa 24? Itabidi ukodishe seva kila mwezi. Ku konti ya dola 100, hesabu wewe mwenyewe.

Kochi anakula wapi? Mabroka wengi wanamulipa mwenye kuwaletea wateja kwa kila biashara inayofunguliwa, mteja apate ao apoteze. Njo maana roboti yake haichoki kufungua.

Mwaka 2018, ESMA, mamlaka ya masoko ya fedha ya Ulaya, ilisema asilimia 74 mpaka 89 za konti za watu wa kawaida zinapoteza pesa ku CFD. Na ni huko kwenye sheria. Afrika Kusini, Mirror Trading International ilijisifia roboti yake ya kuzalisha bitcoin. 2023 mahakama ya Marekani ikaamuru mkubwa wake, Cornelius Steynberg, alipe zaidi ya dola bilioni 3.4. Wazee wa Kinshasa walishaona Bindo mwaka 1991, bila roboti yoyote.

Kwa hiyo tunadai kwa kila muuzaji: atoe kode yenyewe, si faili yenye kufungwa. Atoe pia neno la siri la kuangalia tu (MetaTrader iko nalo, haliwezi kufungua biashara) la konti yake ya kweli, miezi 6 yote. Akikataa, muandike palepale ku grupu, mbele ya wote, kwamba amekataa.