Usaili wa wauzaji wa vyombo vya muziki urekebishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nami nitoe maoni yangu kuhusu usaili wa kazi ya uuzaji katika maduka ya vyombo vya muziki hapa Dar es Salaam. Nimefanyiwa usaili wa kazi hiyo mara tatu, katika maduka matatu mbalimbali, na nimekaa benchi moja na waombaji wengi waliosimulia yaliyowapata. Sitalitaja duka lolote kwa jina. Nia yangu si kumharibia mtu biashara yake, bali ni kuomba desturi mbaya irekebishwe.

Kwanza yafaa wasomaji waielewe kazi yenyewe. Duka la muziki la leo si lile la kuuza santuri au kanda. Nyimbo za kusikiliza watu wengi sasa wanazipata katika simu zao. Kinachouzwa dukani ni vinanda, magita, ngoma, spika, amplifaya, mikisa, maikrofoni na nyaya zake. Wanunuzi ni kwaya za makanisa, vikundi vya kaswida na taarabu, bendi, shule, washereheshaji na wenye kumbi za harusi. Mara nyingi mteja huja na fedha ambazo si zake peke yake. Ni michango ya wanakwaya au waumini, iliyokusanywa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Akiuziwa chombo kisichomfaa, hasara huwaangukia watu mia.

Kwa hiyo muuzaji hana budi kujua anachokisema. Spika inaweza kuandikwa kwa maandishi makubwa kwamba ina wati 1,000, kumbe hiyo ni nguvu ya kilele inayohimilika kwa nukta chache tu, na nguvu yake ya kudumu ni nusu ya hiyo au pungufu. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, na zikiungwa nne huwa omu 2. Amplifaya isiyotengenezwa kwa mzigo huo yaweza kuungua katikati ya ibada. Maikrofoni nyingi za kondensa hazitoi sauti mpaka zipelekewe umeme wa volti 48 kutoka katika mikisa. Chombo kilichotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 tu, kikichomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230, hufa siku hiyo hiyo. Haya ndiyo mambo yanayomlinda mteja, na ndiyo ningetazamia muuzaji aulizwe.

Sasa nieleze tuliyoulizwa. Katika duka la kwanza tulifika zaidi ya watu thelathini kwa nafasi mbili. Tuliambiwa tufike saa 2 asubuhi, nami niliitwa saa 9 alasiri. Nilipoingia nilimwamkia mzee aliyekuwa akitusaili, akaitikia, kisha akaniuliza kabila langu, kama nimeoa, ninakaa kwa nani, na nani amenileta. Nilipojibu kwamba sikuletwa na mtu bali nililiona tangazo, akaifunga karatasi yangu. Spika zilikuwa zimepangwa nyuma yake mpaka darini, lakini sikuulizwa hata moja inaitwaje.

Katika duka la pili nilipewa gita nikaambiwa nipige. Nilipiga nijuavyo. Kijana aliyenifuata alipiga kwa ufundi mkubwa mpaka wapita njia wakasimama mlangoni, na yeye ndiye aliyechukuliwa. Simwonei wivu. Lakini pale pale alikuwepo ndugu mmoja aliyeuza redio na spika Kariakoo kwa miaka minane, ambaye aliambiwa aende zake kwa kuwa hajui kupiga. Kupiga gita ni jambo moja, na kumwuzia gita mzazi anayemtafutia mwanawe wa miaka kumi ni jambo jingine. Nakubali kwamba muuzaji ajue kulinganisha nyuzi sita na kusikia kama chombo kina kasoro. Hayo yatosha. Asiyetafuta mpiga gita wa bendi asisaili kama mwenye bendi.

Duka la tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hapo tuliambiwa kwamba usaili ni siku tatu za majaribio, bila malipo. Tulikuwa watano. Tulitoa mizigo stoo, tukafuta vumbi, tukapakia spika katika magari ya wateja, na mimi mwenyewe niliiuzia kwaya moja kinanda cha vidole 61 na stendi yake. Nauli ya daladala na chakula tulijitegemea, na mwenzetu mmoja alitoka Chanika kila alfajiri. Nilipouliza mshahara, niliambiwa utategemea mauzo. Nilipouliza kamisheni ni asilimia ngapi, niliambiwa hayo ni ya baadaye. Jambo moja tu lilisemwa waziwazi, kwamba kitakachopotea dukani tutalipa. Siku ya tatu jioni tukaambiwa tutapigiwa simu. Juma lililofuata nilipita hapo nikaona vijana wengine watano wakipakia spika, nao pia wakiwa katika majaribio.

Je, Ndugu Mhariri, huo ni usaili, au ni njia ya kupata wapagazi wa bure mwaka mzima?

Dada mmoja tuliyekaa naye benchi alinisimulia kwamba yeye aliulizwa anatarajia kuzaa lini, kisha akaambiwa kwamba kazi ya spika ni ya wanaume. Dada huyo alikuwa fundi mitambo wa kwaya yake, na alijua kuunganisha mikisa kuliko sisi sote.

Mambo haya si ya kuachiwa hiari ya mwenye duka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu za kabila, jinsi, ujauzito, ndoa, dini, ulemavu, umri na nyinginezo, na kifungu hicho hicho kinamhesabu mwomba kazi kuwa sawa na mwajiriwa. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi anapoanza kazi, yakiwemo saa za kazi, malipo na namna yanavyokokotolewa. Na ule usemi wa kwamba kitakachopotea mtalipa, nao una mipaka. Kifungu cha 28 hakiruhusu mwajiri kukata tu apendavyo. Ni lazima ionekane kwamba mwajiriwa ndiye mwenye kosa, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Vijana wengi hawayajui haya, na baadhi ya wenye maduka wanafurahi kwamba hatuyajui.

Najua wenye maduka nao wana lao. Bidhaa zao ni ghali, maikrofoni moja huingia mfukoni, na wapo wauzaji walioshirikiana na wezi. Mtu aliyekwisha ibiwa hupenda kuajiri anayefahamika kwake. Lakini kwa hilo ipo njia ya haki. Mwombaji aombwe wadhamini wawili na barua ya Serikali ya mtaa, na duka lipige simu kwa mwajiri wake wa zamani. Kuulizana makabila hakujamzuia mwizi hata mmoja. Wapo pia waombaji wanaofika bila kujua hata tofauti ya amplifaya na mikisa, au wanaojaza uongo katika maelezo yao. Hao nao waache. Anayetaka kazi ya duka la muziki atembee madukani kwanza, asome vitabu vya maelekezo ya vyombo, aulize mafundi.

Mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, tangazo la kazi lieleze mshahara wa msingi na asilimia ya kamisheni, ili mtu ajue kabla hajatoa nauli. Kamisheni ni nzuri, kwani humpa mtu bidii, lakini iwe juu ya mshahara, wala isiwe badala ya kima cha chini kilichowekwa na Serikali.

Pili, usaili ufanane na kazi. Msaili ajifanye mweka hazina wa kwaya, mwenye ukumbi wa watu 300 na fedha kidogo, kisha amsikilize mwombaji anavyouliza na kushauri. Mwombaji mzuri atauliza kwanza ukubwa wa ukumbi, idadi ya waimbaji na hali ya umeme, kabla hajataja bei. Mwombaji mbaya atakimbilia spika iliyo ghali kuliko zote. Kwa dakika kumi na tano hivi msaili atakuwa amepata jibu lake, bila ya mtu kubeba mzigo siku tatu.

Tatu, pakiwa na haja ya majaribio kazini, yawe ya muda uliotajwa na yalipwe. Mtu aliyepakia mzigo wa mwenye duka na kuuza bidhaa yake amefanya kazi, na ujira wake ni haki yake hata kama hakuchaguliwa.

Nne, waombaji wajulishwe matokeo. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza majina ya wanaoitwa katika usaili na ya wanaoitwa kazini, ingawa waombaji wake ni maelfu. Duka lenye waombaji thelathini haliwezi kusema limeshindwa kutuma ujumbe mfupi wa simu. Kijana anayengojea simu isiyokuja hupoteza nafasi nyingine, maana anaogopa kwenda mbali.

Mwisho, nawaomba maafisa kazi wasiishie viwandani na katika makampuni makubwa. Waingie pia katika maduka ya Kariakoo na mitaa ya jirani, waulize ni watu wangapi wapo katika majaribio na wanalipwa nini. Na vijana wenzangu tuulize masharti kabla ya kunyanyua spika ya kwanza, na tunapodhulumiwa tusiishie kunung'unika vijiweni, bali tufike katika ofisi za kazi na kueleza.



Mwomba Kazi,
Temeke,
Dar es Salaam.