Alpine A110 inaondoka sokoni ingawa bado ina wateja: kwa nini?

Kiwanda cha Dieppe, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa, kinajiandaa kuacha kutengeneza Alpine A110, gari dogo la michezo lenye viti viwili. Mwisho wake umepangwa kuwa mwaka 2026. Kinachoshangaza ni kwamba uamuzi huo haukuja wakati wa mauzo mabaya. Mwaka 2024 Alpine, ambayo ni mali ya kundi la Renault, iliuza magari 4,585, na sehemu kubwa ilikuwa A110. Idadi hiyo inakaribia ile ya 2019, mwaka bora wa gari hilo.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu au Lubumbashi, gari hili ni kitu cha mbali. Hata hivyo hesabu zake zinaonyesha jinsi viwanda vya Ulaya vinavyoamua gari gani liishi na gari gani life, na uamuzi huo unagusa betri na kobalti ya Kongo.

Mauzo ya kupanda na kushuka

Alpine ilianzishwa mwaka 1955 na Jean Rédélé, muuzaji wa magari ya Renault huko Dieppe. A110 ya kwanza ilitoka mwaka 1962, na mwaka 1973 ilileta Alpine ubingwa wa dunia wa mbio za rally kwa watengenezaji, ule wa kwanza kabisa. Baadaye jina hilo lilipotea sokoni kuanzia katikati ya miaka ya 1990.

Renault ilitaka kulirudisha mwaka 2012 kwa kushirikiana na Caterham ya Uingereza, lakini ushirikiano ulivunjika mwaka 2014 na Renault ikaendelea peke yake. A110 mpya ilionyeshwa Geneva mwezi wa tatu 2017. Magari 1,955 ya toleo la kwanza, kwa bei ya euro 58,500 kila moja, yaliagizwa yote katika siku chache.

Hapo ndipo inapoonekana tabia ya soko la aina hii. Wapenzi wa gari wanakimbilia kununua mwanzoni, kisha wanapungua. Mwaka 2019 Alpine iliuza magari 4,835. Mwaka 2020, kutokana na korona na kwa kuwa wenye hamu kubwa walikuwa wamekwisha kununua, yaliuzwa 1,527 tu. Mwezi wa tano mwaka huo Renault ilitangaza mpango wa kupunguza kazi karibu 15,000 duniani, na Dieppe ikatajwa kati ya viwanda ambavyo hatima yake ingechunguzwa. Wafanyakazi wake, karibu 400, walibaki na hofu.

Kilichookoa hali ni uamuzi wa Luca de Meo, aliyechukua uongozi wa Renault mwezi wa saba 2020. Alilifanya jina la Alpine kuwa la timu ya Formula 1 kuanzia 2021, na akaahidi magari mapya ya umeme. Mauzo yalipanda taratibu: 2,659 mwaka 2021, 3,546 mwaka 2022, na 4,328 mwaka 2023. Matoleo ya bei ya juu yalisaidia pia. A110 R, iliyopunguzwa uzito, ilianza kuuzwa zaidi ya euro 100,000. Kampuni ilijifunza kupata pesa zaidi kwa kila gari, badala ya kutafuta wateja wengi ambao hawapo.

Sheria kuliko wateja

Basi kwa nini gari linaondoka? Jibu la kwanza ni sheria. Tangu mwezi wa saba 2024, kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya linatakiwa kuwa na vifaa kama breki za dharura zinazojiendesha na mfumo wa kumkumbusha dereva kiwango cha mwendo. Kuvipachika katika gari lililochorwa kabla ya 2017 kunagharimu pesa nyingi, na gharama hiyo inagawanywa kwa magari elfu chache tu. Sheria inawaachia nafuu wanaotengeneza idadi ndogo, hadi magari 1,500 kwa mwaka katika Umoja huo. Lakini kiwango hicho kiko chini ya kile A110 ilichoweza kuuza.

Jibu la pili ni kodi. Ufaransa, soko kubwa la Alpine, hukaza kila mwaka kodi ya uchafuzi kwa magari mapya ya petroli.

A110 haiko peke yake. Lotus iliacha Elise mwaka 2021, Audi ikaacha TT mwaka 2023, na Porsche ikaondoa 718 ya petroli katika soko la Ulaya mwaka 2024. Kwa muda mfupi hilo liliiachia A110 wateja wa wengine. Kwa muda mrefu linaonyesha kwamba gari dogo, jepesi, la petroli limekosa mahali Ulaya.

Uzito, tatizo la umeme

Alpine inasema itatoa A110 ya umeme. Lakini sifa ya gari hili ni wepesi: lina uzito wa kilo kama 1,100. A290, gari dogo la umeme la Alpine, linakaribia kilo 1,500, na A390, linalotengenezwa Dieppe, linapita tani 2. A290 imekwisha kuongeza mauzo ya kampuni mwaka 2025, lakini mnunuzi wake anatafuta gari la familia lenye nguvu. Mpenzi wa A110 ni mtu mwingine. Kwa wafanyakazi wa Dieppe, swali ni kama A390, ambayo mwaka 2025 bei yake ilianzia euro 67,500, itapata wanunuzi wa kutosha kujaza kiwanda.

Na Kongo?

Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na mwezi wa kumi ikaweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Wakati huohuo watengenezaji wanatafuta betri zisizo na kobalti. Renault ilitangaza mwezi wa saba 2024 kwamba itatumia betri za aina hiyo, zenye chuma na fosfati, katika baadhi ya magari yake ya umeme.

Betri hizo ni za bei nafuu lakini ni nzito zaidi kwa nguvu ileile. Kwa hiyo gari la familia linaweza kuzitumia, lakini gari la michezo linalohesabu kila kilo litabaki kwa muda mrefu zaidi na betri za nikeli na kobalti.

Hilo lisiwape Wakongo matumaini ya bure. Hata kama kila betri ingetumia kilo 5 za kobalti, magari 10,000 kwa mwaka yangehitaji tani 50, kitu kidogo sana mbele ya tani 96,600. Soko la kobalti litaamuliwa na mamilioni ya magari ya kawaida, na hayo ndiyo yanayohama. Kolwezi inaweza kupandisha bei kwa kubana mauzo, lakini kila bei inapopanda, wahandisi wa Ulaya na China wanapata sababu nyingine ya kuiacha kobalti.

A110 ilipoteza nafasi yake ingawa watu waliipenda, kwa sababu hesabu za kuitengeneza zilibadilika. Wanaopanga bei ya kobalti Kinshasa wana sababu ya kuliangalia hilo kwa makini.