Kijana Ameandikwa Wapi?

Katika Mfunguo Mosi uliopita nilifuatana na wazee wenzangu wanne kupeleka posa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, hapa Mombasa. Tulipokewa kwa heshima. Kahawa ikapita, haluwa ikapita, na mshenga wetu akatamka yaliyotupeleka. Mzee wa upande wa binti hakuuliza kama kijana anasali, wala hakuuliza ni mtoto wa nani. Aliuliza neno moja tu: "Kijana ameandikwa wapi?"

Kijana hakuandikwa popote. Ana miaka 31. Alimaliza skuli, akafanya vibarua Kilindini, akaenda Doha kuendesha gari kwa miaka miwili, akarudi, na sasa anatengeneza mashine za maboti, miezi mingine Lamu, miezi mingine hapa. Anajilisha na anamlisha mama yake. Mzee alisikiliza yote hayo, kisha akasema kwa upole, "Basi, jamaa zangu, na tungoje aandikwe."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiri swali lake, kwani nyuma yake pana njia nzima ya maisha. Kijana asome, aandikwe kazi akiwa na miaka ishirini na kitu, aoe, ajenge, asomeshe wanawe, na akikaribia hamsini awe anahesabu pensheni na kuweka akiba ya Hija. Aipitaye njia hiyo twamwita mtulivu. Asiyeipita twasema ametanga na dunia. Na twaitetea kana kwamba tuliirithi kwa mababu.

Hapo ndipo nisipokubaliana na wazee wenzangu. Babu zetu wengi waliishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni na Ghuba na tende zake na samaki wa chumvi. Kusi ikayarudisha yakiwa yamepakia boriti za Lamu. Mtu alikuwa baharia miezi hii, fundi au mkulima miezi ile, na mchuuzi baina ya hapo. Alipokwenda kuposa hakuulizwa ameandikwa wapi. Aliulizwa ukoo wake, na nahodha wake ni nani.

Kazi ya kuandikwa ililetwa na serikali, reli na bandari, tena haikuwafikia wote kwa mara moja. Neno "kibarua" lenyewe latokana na barua, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Makuli wa Kilindini walikuwa watu wa kutwa, na mishahara duni pamoja na ughali wa maisha ndiyo iliyozua mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947. Katika miaka ya 1950, baada ya migomo, ndipo kazi ya gatini ilipoanza kuandikishwa kwa utaratibu. Kwa hivyo mila hii tunayowapimia vijana haijatimiza miaka themanini.

Nayo imekwisha kuchakaa. Kazi iliyofanywa na kikosi cha watu wenye magunia mabegani sasa inafanywa na kreni na dereva mmoja. Januari 2018 reli mpya ilianza kubeba mizigo, na Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena yapande reli kwenda bara. Watu wa Mombasa wakaandamana kwa kuona riziki yao inahamishwa. Septemba 2022 rais mpya aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirejee Mombasa. Zirejee, naam, lakini kontena halibebwi kwa mabega. Hata njia ya zamani imefungwa, kwani mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje.

Wapo walioandikwa wakatoka njiani, na hatukupata hasara kwao. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1946, alikuwa na kazi katika Manispaa. Akaandika kijikaratasi "Kenya: Twendapi?" na akiwa na miaka 22 tu akafungwa miaka mitatu. Tungo zake za gerezani zilitoka mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Baadaye alifanya kazi Dar es Salaam, kisha London, na alipokaribia hamsini akaanza kufundisha Kiswahili Leipzig, Ujerumani. Lau angekuja kuposa alipofunguliwa mwaka 1972, sijui ni nyumba ngapi zingemkaribisha kahawa.

Lakini sitaki kumdhulumu yule mzee. Juma moja baadaye tulikutana barazani baada ya Isha, nikamweleza haya. Akanyamaza kidogo, kisha akanambia: "Ndugu yangu, babangu mimi alisafiri na majahazi. Mamangu alikaa miezi saba asijue kama ni mke au mjane. Nilipoandikwa mimi bandarini, mwaka 1974, mke wangu alijua tarehe ya mshahara. Hiyo tarehe ndiyo nimtakiayo binti yangu."

Sikuwa na jawabu la haraka. Mtume (S.A.W.) ametufunza kumuoza mtu tunayeridhika na dini yake na tabia zake, na mzee huyo analijua hilo kuliko mimi. Analoliogopa ni kodi ya nyumba na mtoto mgonjwa usiku wa manane, na hofu hiyo si ya kubezwa. Niliuliza tu je, ikiwa tarehe hiyo haipo tena mjini, binti angoje mpaka lini? Ana miaka 27. Anafundisha chekechea, na mshahara wake haukutajwa hata mara moja siku ya posa.

"Basi nione hesabu," akasema. "Si maneno ya mshenga. Hesabu."

Nilimpelekea kijana habari hiyo. Akaingia ndani, akatoka na daftari la skuli lenye madoa ya oili, ameandika humo kila mashine aliyoitengeneza tangu mwaka jana, ya nani, kwa shilingi ngapi, na nani bado hajalipa. Miezi miwili imo mitupu kabisa. Nilimuuliza kama ataka kuiondoa kurasa hizo. Akasema aachiwe mzee azione. Daftari liko kwa mzee tangu Ijumaa iliyopita.